Kupima Mwendo wa Kobe Ndani ya Mwanga wa Nyota

Katika siku za giza, mwezi unapochelewa kuchomoza, mtu akisimama ufukweni Bagamoyo upande wa soko la samaki huona taa za wavuvi wa dagaa zimejipanga mbali baharini. Taa huonekana, lakini mvuvi haonekani, wala wavu, wala chombo alichopanda. Hata hivyo, aliyeizoea bahari akiitazama taa moja kwa utulivu, akaiona inainama na kuinuka kwa namna isiyofanana na mawimbi, atakwambia kwamba pale watu wanavuta wavu. Hajamwona mtu yeyote. Amesoma mwendo wa taa.

Nimeanza na taa hizo kwa sababu habari za sayari zinazozizunguka nyota nyingine hutufikia zikiwa na neno moja linalopotosha. Tunaambiwa kwamba wanasayansi "wameona" dunia mpya, na msomaji hujenga picha ya mtu aliyeinama kwenye darubini akitazama duara dogo la buluu. Kwa sayari zilizo nyingi sivyo ilivyo. Jua letu, likitazamwa kutoka mbali, lina mwanga mkubwa mara kama bilioni 10 kuliko ule unaoakisiwa na Dunia, na kwa umbali wa nyota viwili hivi hukaribiana mno hata kimoja humezwa na kingine. Zipo sayari chache kubwa na changa zilizopigwa picha moja kwa moja. Zipo pia maelfu zilizogunduliwa kwa sababu hupita mbele ya nyota zao na kupunguza mwanga kidogo, kazi ambayo chombo cha anga cha Kepler kiliifanya kuanzia mwaka 2009 hadi 2018, lakini njia hiyo hufaulu tu pale mzunguko wa sayari unapokuwa umelala sawasawa na mstari wa macho yetu, na kwa sayari kama Dunia bahati hiyo huipata nyota 1 tu kati ya 200 hivi. Tena kupita huko hutupa ukubwa wa sayari bila kutupa uzito wake. Anayetaka kujua kama sayari ni mwamba au ni gesi tupu hana budi kurudi kwenye taa inayoyumba, na vyombo vipya ninavyotaka kuvieleza hapa vimetengenezwa kwa kazi hiyo.

Mchana, wakati maji yametoka na mchanga umebaki na unyevu, hutokea mtu mzima akamshika mtoto mikono miwili na kumzungusha hewani hadi mtoto apige kelele za furaha. Ukiutazama mchanga baada ya wao kuondoka, utaona kwamba nyayo za mtu mzima hazikukaa mahali pamoja. Zimechora duara dogo, kwa kuwa kila mara mtoto alipokuwa upande huu, mtu mzima alilazimika kuegemea upande ule ili asianguke. Mtoto akiwa mzito, duara hilo hupanuka. Akiwa mwepesi, nyayo hukaribia kusimama palepale. Mtu ambaye hakumwona mtoto kabisa anaweza kuukadiria uzito wake kwa kuzitazama nyayo za aliyemzungusha.

Nyota na sayari hufanya hivyohivyo, kwa kuwa zote mbili huzunguka kitovu kimoja cha uzito. Jua linapovutana na Dunia, kitovu hicho hukaa kilomita 450 hivi kutoka katikati ya Jua, umbali ambao basi husafiri kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, ilhali kutoka katikati ya Jua hadi usoni pake ni karibu kilomita 700,000. Kwa mwaka mzima Jua huchora duara hilo dogo kwa mwendo wa sentimita 9 kwa sekunde, yaani mwendo wa kobe asiye na haraka. Mshtarii, iliyo nzito mara 318 kuliko Dunia, hulisukuma Jua kwa mita 12.5 kwa sekunde, mwendo wa bodaboda mjini, ila kwa utaratibu unaochukua karibu miaka 12 kukamilika. Basi swali lote la vyombo hivi ni hili: mtu aliyeko umbali wa matrilioni ya kilomita ataujuaje mwendo wa kobe wa tufe la moto?

Jibu lake linaanzia barabarani. Pikipiki ikija huku dereva amebana honi, sauti huwa kali. Ikishapita hushuka ghafla ikawa nzito, ingawa honi ni ileile. Mawimbi ya sauti husongamana mbele ya kitu kinachokuja na kutanuka nyuma ya kinachokwenda. Christian Doppler alilieleza jambo hilo mwaka 1842, na mwaka 1845 Mholanzi Buys Ballot alilipima kwa kuwapandisha wapiga tarumbeta kwenye treni, huku watu wenye masikio ya muziki wakisikiliza kando ya reli. Mwanga nao ni mawimbi. Nyota ikitujia, mawimbi yake husongamana kidogo kuelekea buluu; ikitukimbia, hutanuka kuelekea nyekundu. Nasisitiza "kidogo", maana wapo wanaodhani nyota hubadilika rangi machoni. Kwa mwendo wa sentimita 9 kwa sekunde, urefu wa wimbi hubadilika kwa sehemu 3 katika kila sehemu bilioni 10.

Badiliko dogo namna hiyo lisingeweza kupimika kama mwanga wa nyota ungekuwa umekolea sawasawa kutoka nyekundu hadi zambarau. Kwa bahati njema una alama. Gesi zilizoko kwenye tabaka za juu za nyota, kama chuma, kalsiamu na sodiamu, hufyonza mwanga wa rangi maalumu, kila moja kwa namna yake, na mwanga ukitawanywa kama upinde wa mvua huonekana umekatwa na maelfu ya mistari myembamba ya giza. Chombo kinachotawanya mwanga hivyo na kuupiga picha huitwa spektrografu. Nyota ikitujia, mistari yote husogea pamoja upande mmoja. Ikirudi nyuma, husogea upande wa pili. Mstari mmoja peke yake haupimiki kwa usahihi unaotakiwa, kwa kuwa ni mpana na umefifia pembeni, lakini mistari elfu kadhaa ikisomwa kwa pamoja, makosa ya mmoja mmoja hufutana na jibu hubaki.

Kwa njia hiyo Michel Mayor na Didier Queloz walitangaza mwaka 1995 sayari ya kwanza kujulikana inayoizunguka nyota inayofanana na Jua. Nyota hiyo, 51 Pegasi, iko umbali wa miaka nuru 50 hivi, mwaka nuru mmoja ukiwa umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mzima. Chombo chao kiliitwa ELODIE, kikiwa kwenye darubini yenye kioo cha mita 1.93 kusini mwa Ufaransa, na kiliweza kupima mwendo hadi mita 13 kwa sekunde. Sayari waliyoipata, yenye uzito wa karibu nusu ya Mshtarii, huizunguka nyota yake kwa siku 4 na saa chache tu na kuiyumbisha kwa mita 56 kwa sekunde, ambazo ni sawa na kilomita 200 kwa saa. Hakuna aliyekuwa akitarajia sayari kubwa namna ile iliyoikumbatia nyota yake kwa karibu hivyo, na ilipatikana mapema hasa kwa sababu ilikuwa na vurugu. Wawili hao walipewa nusu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2019.

Kutoka kasi ya gari hadi mwendo wa mtu anayetembea polepole ilichukua miaka minane. Mwaka 2003 spektrografu ya HARPS ilianza kazi La Silla nchini Chile, kwenye darubini ya mita 3.6, ikipima hadi mita 1 kwa sekunde. Mwaka 2016, kwa kutumia vipimo vyake, ilitangazwa sayari inayoizunguka Proxima Centauri, nyota iliyo jirani yetu kuliko zote baada ya Jua, umbali wa miaka nuru 4.2. Sayari hiyo haiwezi kuwa nyepesi kuliko takriban uzito wa Dunia, na huiyumbisha nyota yake kwa mita 1.4 kwa sekunde. Msomaji makini atauliza kwa nini Dunia hulitikisa Jua kwa sentimita 9 tu na hii ikatikisa kwa mita nzima na zaidi. Ni kwa sababu Proxima ni nyota nyepesi, karibu sehemu 1 ya 8 ya Jua, na sayari yenyewe iko karibu nayo mno, ikizunguka kila baada ya siku 11. Mtoto ni yuleyule, ila safari hii anazungushwa na kaka yake mdogo.

Kizazi kilichofuata ndicho kinachoitwa kipya. ESPRESSO ilianza kazi mwishoni mwa mwaka 2017 huko Paranal, Chile, na inaweza kupokea mwanga wa darubini moja au zote nne zenye vioo vya mita 8.2. NEID imewekwa kwenye darubini ya mita 3.5 ya Kitt Peak, Arizona, na jina lake limetoka kwenye lugha ya Watohono O'odham, wenye ardhi ya mlima huo, likiwa na maana ya kuona. Jina zuri, ingawa kwa kweli kazi ya chombo hicho ni kupima. KPF, kwenye darubini ya Keck yenye kioo cha mita 10 huko Hawaii, ilipokea mwanga wake wa kwanza Novemba 2022. Vyote hivi vinalenga chini ya mita 1, kuelekea sentimita 30, na ESPRESSO ilijengwa kwa shabaha ya sentimita 10.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa, kwa kuwa watu wengi hudhani kwamba siri ya vyombo hivi ni ukubwa wa kioo. Kioo kikubwa husaidia kukusanya mwanga mwingi, lakini siri iko kwenye utulivu, na Bagamoyo, mji wenye Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, una mfano wake. Mpiga ngoma wa huku haanzi kupiga jioni kabla ya kuiota ngoma yake moto. Huwasha makuti au majani makavu, akaielekeza ngozi kwenye joto, akaigonga kwa vidole, akasikiliza, akairudisha tena motoni, mpaka mlio upande mahali anapotaka. Anafanya hivyo kwa sababu upepo wa bahari una unyevu, na ngozi ikinywa unyevu hulegea. Ngoma aliyoiacha inalia vizuri saa 10 alasiri haitalia vilevile saa 3 usiku, wakati hakuna aliyeigusa.

Spektrografu ni ngoma ya namna hiyo. Vioo vyake hutanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi, chuma kilichovishika hujinyoosha, na hewa iliyomo ndani hupinda mwanga kwa kiasi kinachobadilika kila joto au shinikizo linapobadilika. Joto la hewa hiyo likipanda kwa sehemu 1 ya 100 ya nyuzi moja ya Selsiasi, mistari ya nyota husogea kana kwamba nyota imebadili mwendo kwa mita 1 hivi kwa sekunde au zaidi, na mtafiti asiyejua atatangaza sayari ambayo kwa kweli ni kiyoyozi. Ndiyo maana HARPS ilifungiwa ndani ya pipa kubwa la chuma lililoondolewa hewa, pipa likawekwa ndani ya chumba, na chumba ndani ya chumba kingine, joto likidhibitiwa ndani ya sehemu 1 ya 100 ya nyuzi. Vyombo vipya vimekwenda hadi sehemu 1 ya 1,000. KPF imejengwa juu ya bamba la kioo cha aina ya Zerodur, ambacho karibu hakitanuki kabisa kikipata joto. Ni kama kuwamba ngoma kwa ngozi isiyojua unyevu.

Kwa nini ukali wote huo? Mstari wa nyota huangukia kwenye kipokea picha cha silikoni, ndugu wa kile kilichomo kwenye kamera ya simu, chenye vijisanduku vidogo vya kupokea mwanga. Katika HARPS, mwendo wa mita 1 kwa sekunde huusogeza mstari kwa nanomita 15 hivi (nanomita ni sehemu 1 ya bilioni ya mita), yaani sehemu 1 ya 1,000 ya kijisanduku kimoja. Mwendo wa sentimita 9 huusogeza kwa zaidi kidogo ya nanomita 1, ambao ni upana wa atomu chache za silikoni zilizopangwa mstari. Tunazungumza, basi, juu ya kuzihesabu hatua za kobe kwa atomu.

Hata namna ya kuuingiza mwanga ndani ya chombo ni shughuli. Darubini hutikisika kwa upepo na nyota hucheza machoni kwa sababu ya hewa, na kama picha yake ikiingia leo upande wa kulia na kesho upande wa kushoto, mistari nayo itahama. Kwa hiyo mwanga hupitishwa kwanza kwenye uzi mwembamba wa kioo, wa jamii ileile ya nyuzi zinazobeba intaneti kwenye mkongo wa taifa. Ndani ya uzi mwanga hujigonga ukutani mara nyingi sana hata ukasahau ulikoingilia. Ilibainika kwamba uzi wa mviringo hausahau vya kutosha, na ule wenye umbo la pembe nane husahau zaidi, ndiyo maana HARPS nayo ilibadilishiwa nyuzi mwaka 2015.

Kisha kuna rula. Huwezi kusema mstari umesogea kama huna alama ambayo haikusogea. Kwa muda mrefu alama hiyo ilikuwa taa ya thoriamu, ambayo mistari yake inajulikana, lakini haikupangwa kwa nafasi zinazolingana na taa yenyewe huzeeka. Wengine waliupitisha mwanga wa nyota kwenye chupa yenye mvuke wa iodini, ili mistari ya iodini iandikwe juu ya ile ya nyota. Rula bora ya sasa tunaweza kuiita kitana cha leza: leza inayotoa mapigo mafupi mno kwa mpangilio thabiti, na mwanga wake ukitawanywa hutoa maelfu ya mistari iliyosimama kama meno ya kitana, nafasi kati ya jino na jino ikiwa sawa kutoka mwanzo hadi mwisho na ikiwa imefungwa kwenye saa ya atomu. John Hall na Theodor Hänsch walishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 2005 kwa msingi wa kazi hiyo. Kwa maneno mengine, mwendo wa nyota sasa unapimwa kwa saa.

Bado kuna mwendo wetu wenyewe, ambao nitaupitia haraka. Dunia inalizunguka Jua kwa karibu kilomita 30 kwa sekunde, na inajizungusha pia. Aliyekaa kimya barazani Bagamoyo anapelekwa mashariki kwa zaidi ya mita 460 kila sekunde. Yote hayo huondolewa kwa hesabu, na hesabu hizo ziko imara, mradi wakati halisi ambapo mwanga uliingia kwenye chombo umeandikwa kwa uangalifu.

Sasa tuseme chombo kimetulia kabisa. Ndipo linapotokea jambo lililowaumiza vichwa watafiti kuliko vioo na mapipa: nyota nayo ni ngoma. Uso wa Jua huchemka kama uji mzito, gesi ya moto ikipanda katikati ya mapovu yenye upana wa kilomita kama 1,000 na iliyopoa ikizama pembezoni. Jua zima hutetemeka kwa mapigo ya dakika 5 hivi, na kwa hiyo nyota hutazamwa kwa robo saa au zaidi kila mara, ili mapigo yajifute. Madoa ni mabaya zaidi. Doa jeusi likiwa kwenye nusu ya nyota inayotujia kwa kujizungusha kwake, huficha sehemu ya mwanga uliosogea kuelekea buluu, na nyota nzima huonekana kana kwamba inatukimbia. Baada ya siku kadhaa doa huhamia nusu ya pili na alama hugeuka. Huo ni mwendo wa bandia, unaweza kufika mita kadhaa kwa sekunde, na hurudi kwa mpangilio kama sayari.

Waliokwishaumwa na jambo hili si wanafunzi. Mwezi Juni mnamo saa 3 usiku, anayetazama kusini kutoka Bagamoyo ataiona Alfa Centauri iking'aa chini ya nusu ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini, karibu na nyota za Msalaba wa Kusini. Kwa macho ni nyota moja, kwa darubini ni mbili. Mwaka 2012 ilitangazwa kwamba ile ndogo kati ya hizo mbili ina sayari inayoitikisa kwa sentimita 51 kwa sekunde. Mwaka 2015 uchambuzi mwingine ulionyesha kwamba alama hiyo ilizaliwa na ratiba ya vipimo pamoja na hesabu zilizotumika kuondoa kelele za nyota, na sayari ikafutwa. Nyota ya Barnard, iliyo umbali wa miaka nuru 6, ilipewa mwaka 2018 sayari ya mzunguko wa siku 233, nayo ikaja kukataliwa. Kisha mwaka 2024 ESPRESSO ikaipata nyingine kwenye nyota hiyohiyo, nyepesi kuliko nusu ya Dunia, yenye mzunguko wa siku 3 na saa chache na mtikiso wa sentimita 55. Mwaka 2025 vipimo vya vyombo viwili tofauti viliifikisha idadi hadi sayari nne. Mimi huipa uzito zaidi taarifa ya namna hiyo, iliyotolewa na vyombo viwili vilivyojengwa na watu tofauti, kuliko sentimita zozote za chombo kimoja.

Njia ya kutenganisha sayari na madoa inatokana na ukweli kwamba sayari huisogeza mistari yote kwa kiasi kimoja bila kuibadili sura, wakati doa huipinda mistari, na huipinda kwa viwango tofauti katika rangi tofauti. Ili kujifunza upindaji huo kwa nyota ambayo majibu yake yanajulikana, watafiti wameligeukia Jua lenyewe. Tangu mwaka 2015 chombo cha HARPS-N kilichoko kisiwa cha La Palma hulishwa mchana na darubini ndogo ambayo hailikuzi Jua, bali hulichanganya na kuwa nukta moja kana kwamba ni nyota ya mbali, na NEID hufanya hivyo pia. Sayari zote za Jua zinajulikana uzito na nafasi, hivyo mchango wake huondolewa kwa hesabu, na kinachobaki ni kelele za nyota peke yake, siku kwa siku, zikilinganishwa na madoa yanayoonekana kwenye picha.

Tatizo la mwisho ni kalenda. Sayari kama Dunia kwenye nyota kama Jua hukamilisha duara moja kwa mwaka, na duara moja halithibitishi kitu. Yahitajika angalau matatu. Ndani ya kila mwaka huo nyota nyingi hujificha nyuma ya mwanga wa Jua kwa miezi kadhaa, na miezi hiyo haipimiki kwa chombo chochote. Kwa ajili hiyo imebuniwa HARPS3, ya darubini ya Isaac Newton yenye kioo cha mita 2.5 tu huko La Palma, izitazame nyota chache zilezile kila usiku unaowezekana kwa miaka 10. Darubini hiyo ni ndogo ukiilinganisha na Keck, na ilichaguliwa kwa sababu hakuna anayeweza kuipata Keck kila usiku kwa muda wa miaka 10.